Kukua kwa Imani

Imani ni kitu kilicho hai, na kila kilicho hai hukua au hufa. Mtu hawezi kuitia imani sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo, akaifungia kwa kufuli, akatumaini kuikuta vile vile siku atakapoihitaji. Mkulima wa pwani hupanda mnazi mrefu wa asili akijua kwamba hautampa nazi kabla ya miaka sita, na pengine hata kumi. Haufukui mche kila juma kutazama mizizi. Lakini kwa kuwa amepanda kwa matumaini, haachi kupalilia magugu, wala haachi kumtafuta mdudu atoboaye moyo wa mnazi. Kungoja, kupalilia na kulinda ni kazi tatu za mtu mmoja katika shamba moja. Mwenye kufanya moja na kuacha mbili hana haki ya kuulaumu udongo.

Ndivyo ilivyo imani ya Kikristo kadiri nilivyoiona katika maisha yangu mafupi. Hukua kwa kumtumaini Mungu, kwa kufanywa upya fikira, na kwa kupambanua lililo la Mungu na lisilo lake. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Kazi hii nilijifunza katika chuo cha ualimu, na masomo niyafundishayo ni Kiswahili na Dini ya Kikristo. Si askofu wala mwanazuoni. Lakini mwalimu huulizwa maswali ambayo maaskofu hawaulizwi, kwa sababu vijana humwogopa mwalimu kidogo na kumwamini kidogo. Haya niyaandikayo nimeyapata zaidi katika maswali hayo kuliko katika vitabu.

Na tuanze na tumaini. Watu wengi hudhani kwamba kumtumaini Mungu ni kuwa na hakika kwamba jambo tulitakalo litatokea. Mwanafunzi husema anamtumaini Mungu, maana yake atafaulu mtihani. Mfanyabiashara husema anamtumaini Mungu, maana yake mali yake itauzika. Katika siku zetu wako hata wahubiri wanaowaambia watu wapande mbegu ya fedha madhabahuni ili wavune mara kumi. Hilo si tumaini, ni biashara. Na katika biashara hiyo Mungu amefanywa muuza duka anayedaiwa bidhaa kwa kuwa fedha imekwisha kupokewa. Tumaini la kweli ni kumtegemea Mungu mwenyewe, ajapokuwa hakutupa tulichokiomba.

Mfano wa tumaini la namna hiyo tunao hapa hapa Kenya. Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosina kwa kazi ya kuhubiri Injili. Mwezi wa Julai wa mwaka ule ule Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akafa pia. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf naye alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo. Mtu angaliweza kusema kwamba Mungu amemwacha, na angaliweza kupanda chombo akarudi kwao bila ya kulaumiwa. Alibaki. Mwaka 1846 aliungana na mwenziwe Johannes Rebmann, wakafungua kituo huko Rabai. Waongofu wao kwa miaka mingi walikuwa wachache mno. Rebmann alikaa katika nchi zetu hizi kwa miaka 29, akaondoka mwaka 1875 hali amekwisha kuwa kipofu. Kamusi ya Kiswahili aliyoikusanya Krapf kwa taabu ilichapwa mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Yako mengi yawezayo kusemwa juu ya wamisionari, na si yote ni ya sifa. Lakini hapa nataka tutazame jambo moja tu. Watu hawa hawakuyaona mavuno. Kama tumaini lao lingalikuwa juu ya mavuno, lingalizikwa pamoja na Rosina. Lilikuwa juu ya Bwana wa shamba, na kwa hiyo lilistahimili kaburi, upweke na upofu. Kijana anayesoma kurasa hizi ajiulize: Je, nikishindwa mtihani, nikifiwa, nikikosa kazi baada ya masomo, nitakuwa bado na Mungu wa kumwomba? Akijibu ndiyo, basi tumaini lake limetia mizizi. Akisitasita, asivunjike moyo. Mizizi hutafuta maji polepole, na wakati wa kiangazi ndipo inaposhuka zaidi.

Hata hivyo tumaini pekee halitoshi. Mtu aweza kumtumaini Mungu kwa moyo wote, huku kichwa chake kimejaa mawazo aliyoyarithi sokoni. Mtume Paulo aliwahimiza Wakristo wa Rumi wasifuate namna ya dunia hii, bali wageuzwe kwa kufanywa upya ndani ya nia. Neno hili ni zito kuliko tunavyolichukulia. Moyo waweza kugeuka kwa usiku mmoja. Fikira hugeuka kwa miaka.

Mfano wa jambo hili ni Mwingereza John Newton, yule aliyetunga tenzi ambazo hata leo huimbwa makanisani kote duniani. Mwaka 1748 dhoruba kubwa iliipiga merikebu aliyokuwamo katika bahari ya Atlantiki, naye akamlilia Mungu, akaokoka. Tangu siku ile alijihesabu kuwa amegeuka. Alisoma Biblia, akaacha matusi, akasali. Lakini baada ya kugeuka huko alikuwa nahodha wa merikebu za kuchukua watumwa kutoka Afrika ya Magharibi. Juu ya sitaha aliwaongoza mabaharia wake katika sala, na chini yake Waafrika walilala wamefungwa minyororo. Alipoacha ubaharia mwaka 1754, aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1764. Ilikuwa mwaka 1788 ndipo alipochapisha kijitabu akiishuhudia dunia ukatili wa biashara ile na kuona haya kwa sehemu aliyoitenda. Alikufa mwaka 1807, mwaka ule ule ambao Bunge la Uingereza lilipiga biashara hiyo marufuku kwa raia zake.

Tangu dhoruba hadi kijitabu ni miaka 40. Je, katika miaka ile ya kwanza Newton alikuwa mnafiki? Sidhani. Alimpenda Mungu kwa kadiri ya fikira alizokuwa nazo, na fikira zile zilikuwa za watu wa zama zake, waliouona utumwa kuwa kazi kama kazi nyingine. Imani yake ilikuwa imekwisha kuingia moyoni, lakini ilikuwa haijafika katika daftari ya mahesabu. Sisi wa pwani tuna sababu ya kulitafakari jambo hili, maana hapa ndipo ulipoanzishwa mji wa Frere Town, mwaka 1875, kuwapokea watumwa waliokombolewa baharini. Wajukuu wa wajukuu wao wangali miongoni mwetu.

Nawe msomaji usicheke Newton upesi. Kila zama zina minyororo yake ambayo watu wake hawaioni. Mkristo aweza kuimba vizuri siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu akamlipa mtumishi wake wa nyumbani ujira usiotosha unga. Mzazi aweza kufunga na kuomba, kisha akamwoza binti yake aliyestahili kuwa darasani. Tena tulikuwa wapi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007? Watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika nchi ambayo walio wengi hujiita Wakristo, na jirani alimwinukia jirani waliyeketi naye katika benchi moja la kanisa. Hawakukosa dini. Walikuwa nayo, lakini juu ya jambo la kabila fikira zao zilikuwa bado hazijafanywa upya.

Fikira hufanywaje upya? Katika chuo cha ualimu tulikuwa na mkufunzi mmoja, mama mtulivu wa maneno machache, aliyetufunza kwamba kila baada ya somo mwalimu asijiulize, "Nimefundisha nini?" bali ajiulize, "Mwanafunzi amejifunza nini?" Alisema kwamba kati ya maswali hayo mawili pana bahari, na walimu wengi huzama humo. Mimi nililichukua swali lake nikalipeleka kanisani. Baada ya ibada, badala ya kuuliza kama mahubiri yalikuwa matamu, hujiuliza: Ni wazo gani langu limeguswa leo? Ni mtu gani nitakayemtazama kwa jicho jingine kesho? Mara nyingi hupata jibu dogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Kusoma Maandiko yote, si mistari tuipendayo tu, kuomba, kusikiliza kwa subira watu wa kabila jingine na hali nyingine, kukubali kuulizwa na mdogo wako: hivi ndivyo vijembe vya kupalilia fikira.

Sasa nafika katika kazi ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni kupambanua. Mtume Yohana aliwaonya Wakristo wasiiamini kila roho, bali wazijaribu. Siku hizi onyo hilo limekuwa jambo la uhai na mauti.

Mama yangu mdogo ana ugonjwa wa kisukari, na maisha yake hutegemea sindano za insulini. Kwa kuwa kijijini kwake hapakuwa na jokofu, alizoea kuzihifadhi chupa zake katika chungu kilichozungushiwa mchanga uliotiwa maji. Siku moja ulipigwa mkutano wa Injili karibu na hapo. Mhubiri aliwaambia wagonjwa kwamba dawa ni ushahidi wa kutoamini, akawataka wazilete siku ya pili zikachomwe moto mbele ya watu. Jioni nilimkuta mama mdogo ameketi barazani, chungu kiko miguuni pake. Alikuwa hajajidunga tangu asubuhi. Pamoja naye alikuwapo mzee mmoja wa kanisa letu, seremala aliyekwisha kustaafu.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe wafundisha Dini. Je, nimtumaini Mungu au niitumaini sindano?"

Kabla sijasema neno, yule mzee alijibu kwa upole, "Mama, mchana umekula?"

"Nimekula, Mzee. Ugali na mchicha."

"Ulimtumaini Mungu au uliutumaini ugali?"

Mama mdogo akanyamaza, kisha akasema, "Nilimshukuru Mungu, nikala."

Mzee akaomba Biblia, wala hakusoma mstari mmoja. Alituonyesha mahali pengi, moja baada ya jingine. Alituonyesha kwamba mfalme Hezekia alipokuwa mgonjwa, Mungu alimwahidia uponyaji, na bado nabii Isaya akaagiza lihimu ya tini iwekwe juu ya jipu. Alituonyesha kwamba Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, wala hakumwambia kwamba ana upungufu wa imani. Alituonyesha kwamba Luka, rafiki yake Paulo, aliitwa tabibu mpendwa. Kisha akafunga kitabu, akasema kwamba yeye alifanya useremala miaka arobaini, na hakuona kwamba Mungu alichukia msumeno. Mama mdogo alicheka, akachukua chungu chake, akaingia ndani kujidunga. Yu hai hata leo, naye haachi maombi wala haachi sindano.

Miaka michache baadaye yakatokea ya Shakahola. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, walikokuwa wakiishi wafuasi wa mhubiri mmoja. Hadi mwisho wa mwaka ule ilikuwa imefukuliwa miili zaidi ya 400, na miongoni mwao watoto wengi. Wengi walikufa kwa njaa. Wengine walionekana na dalili za kuuawa kwa njia nyingine. Ilisemekana kwamba walihimizwa kufunga hata kufa ili wamwone Kristo. Mwaka 2024 mhubiri huyo na watu wake kadhaa walisomewa mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini wafu walikuwa wamekwisha kufa.

Katika siku zile mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, msichana asiyependa kusema darasani, aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, je, wale watu walikuwa na imani kubwa kuliko sisi?"

Darasa zima likanyamaza. Lilikuwa swali la haki. Ikiwa imani ni kujitoa tu, basi nani amejitoa zaidi ya mtu aliyekubali kufa kwa njaa? Nilimwambia kwamba hatuna ruhusa ya kuwacheka wafu wale, wala kuwahukumu, hasa watoto ambao hawakuchagua kitu. Lakini imani haipimwi kwa ukubwa wake tu; hupimwa kwanza kwa yule inayemwelekea. Mtu akiegemea kwa nguvu zake zote ukuta uliooza, nguvu zake hazimwokoi, ndizo zimwangushazo. Watu wale walitakiwa wamwamini mtu, huku wakiambiwa kwamba wanamwamini Mungu. Hapo ndipo mdudu alipoingia katika moyo wa mnazi.

Nikawakumbusha habari ya Yesu juu ya kinara cha hekalu. Mjaribu alimwambia ajitupe chini, naye hakumjia kwa maneno ya kipagani. Alimjia na Maandiko, akinena juu ya malaika watakaomlinda. Yesu alimjibu kwa Andiko jingine, kwamba haifai kumjaribu Mungu. Basi si kila anayetaja mstari anasema kweli, na si kila ajitupaye ana tumaini. Yesu alimtumaini Baba yake kwa kushuka ngazi.

Tulikaa vipindi viwili juu ya swali la binti yule, na pamoja na wanafunzi tukatunga maswali manne ya kumpimia mwalimu yeyote wa dini, nami nikiwa mmoja wao. La kwanza: Je, mafundisho yake yanapatana na Maandiko yote, au yamesimama juu ya mstari mmoja uliong'olewa mahali pake? La pili: Nani anafaidika? Ikiwa wafuasi huuza mashamba na mhubiri hununua, jibu limekwisha kupatikana. La tatu: Matunda yake ni nini? Je, watu huzidi kuwa na upendo, uaminifu na kiasi, au huzidi kuwachukia jamaa zao, shule na hospitali? La nne: Je, anaruhusu kuulizwa? Watu wa Beroya walisifiwa katika Kitabu cha Matendo kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa hamu, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Ikiwa mtume alistahimili kuchunguzwa, nani aliye mkubwa hata asichunguzwe? Wahenga walisema: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mhubiri asifiwaye bila kuulizwa hulitia maji Neno, na mwisho hutia sumu.

Lakini nawaonya vijana pia juu ya hatari ya upande wa pili. Yuko mtu ambaye, kwa kuogopa kudanganywa, hakubali kuamini chochote. Huuliza maswali si kwa kutafuta jibu bali kwa kukwepa wajibu. Upambanuzi wa namna hiyo hauna faida. Ni sawa na mkulima aliyemwogopa mdudu hata asipande. Ndiyo maana nilianza kwa kusema kwamba kazi hizi tatu ni za mtu mmoja. Tumaini bila upambanuzi humpeleka mtu msituni. Upambanuzi bila tumaini humwacha amekauka. Na vyote viwili bila kufanywa upya fikira vyaweza kumfanya mtu mwema wa desturi mbaya, kama nahodha aliyesali juu ya minyororo.

Ewe kijana uliye shuleni, utaondoka hapo na kwenda mahali ambapo mwalimu wako hatakuwapo. Utasikia sauti nyingi, katika mahema, katika redio, katika simu iliyo mfukoni mwako, na nyingi zitalitaja jina la Mungu. Usizikimbie zote, wala usizifuate zote. Omba, soma, uliza, ngoja. Tafuta mzee mmoja mnyofu wa kukuonya, na rafiki mmoja asiyekuogopa. Ukiambiwa kwamba Mungu anachukia akili aliyokupa, kataa kwa adabu. Ukiambiwa kwamba Mungu anakupenda na anataka umpende jirani yako, hata yule wa kabila jingine, usikatae, ingawa kulitenda hilo kutakuchukua maisha yako yote.